Urefu wa Mkono wa Pedeli kwa Waendesha Baiskeli wa Uwanda wa Juu wa Makonde

Mkono wa pedeli, ambao mafundi wengi huuita krenki, ni kile kipande cha chuma kinachounganisha pedeli na ekseli ya katikati ya baiskeli, na urefu wake hupimwa kuanzia katikati ya ekseli hiyo hadi katikati ya tundu ambamo pedeli hufungwa, wala si kutoka ncha moja ya chuma hadi nyingine. Mikono mingi ya baiskeli za watu wazima ina urefu wa kati ya milimita 165 na 175, tofauti isiyofikia upana wa kidole gumba, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa kawaida haioni na muuzaji haitaji. Hata hivyo, kila goti hukunjwa na kukunjuliwa mara moja katika kila mzunguko, hivyo mtu anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika atakuwa amekunja kila goti mara 3,600 katika safari ya saa moja, na kipimo kilichomzidi kwa kiasi kidogo tu huwa kimerudiwa mara nyingi kiasi cha kuacha maumivu.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Mnyambe na vijiji vingine vya Newala, na vilevile kwa wale wanaoteremka kuelekea Masasi, kwa sababu ya sura ya nchi yenyewe. Uwanda wa juu wa Makonde ni tambarare ya kichanga iliyoinuka kati ya bonde la Lukuledi upande wa kaskazini na bonde la Ruvuma upande wa kusini, na kingo zake huporomoka ghafla, kama inavyoonekana pale Shimo la Mungu mjini Newala. Mvua inayonyesha juu hunywewa na mchanga, mito haipo, na kwa miaka mingi wakazi walilazimika kuteremka hadi kwenye chemchemi za chini ya miteremko kutafuta maji, kabla na hata baada ya kuanzishwa kwa mradi wa kuyasukuma kwa pampu kutoka mabondeni. Baiskeli katika mazingira hayo ni chombo cha kubebea mizigo: madumu ya maji, kuni, mihogo, na magunia ya korosho yanayopelekwa kwenye ghala la chama cha msingi msimu wa mavuno unapofika. Inayotumika zaidi ni ile baiskeli nzito ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, iliyorithi umbo lake kutoka kwa Raleigh ya Nottingham na ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikija kutoka China kwa jina la Phoenix, au kutoka Ludhiana nchini India kwa majina ya Hero na Avon. Kwa kawaida baiskeli hiyo ina gia moja tu, na mikono yake ya pedeli huwa ya kipimo kimoja bila kujali atakayeipanda ni nani.

Kuna dhana iliyoenea kwamba mkono mrefu hurahisisha kupanda mlima. Kimsingi dhana hiyo ni sahihi, kwa kuwa mkono wa pedeli ni wenzo, na wenzo ukirefuka, nguvu ile ile ya mguu huzaa msokoto mkubwa zaidi kwenye ekseli. Kinachopotosha ni ukubwa wa faida inayotarajiwa, na jambo hilo huonekana vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa maelezo.

Na achukuliwe mtu mwenye uzito wa kilo 65, juu ya baiskeli ya kilo 20, akiwa na madumu 3 ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani jumla ya kilo 145, akipanda mwinuko wa asilimia 5, ambao hupanda mita 5 katika kila mita 100 za njia. Mvuto wa ardhi humrudisha nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7 na robo, mbali na ukinzani wa mchanga. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na friwili ya nyuma ina meno 18, mzunguko mmoja wa pedeli humsogeza mbele kiasi cha mita 5.4, ilhali mguu wake, ukiwa kwenye mkono wa milimita 170, husafiri mita 1.07 tu katika mduara. Kazi ya kusukuma mzigo kwa mita 5.4 hufanywa na mguu unaosafiri mita 1.07, na kwa hiyo kila hatua ya mduara huo hudai, kwa wastani, msukumo wa takribani kilo 36.5. Wastani huu nao huficha ukali wa jambo lenyewe, kwa kuwa pedeli inapokuwa juu kabisa au chini kabisa mguu hauna uwezo wa kusukuma vizuri, na upungufu huo hufidiwa pale mkono unapokuwa umelala kuelekea mbele, ambapo msukumo hupanda mbali juu ya wastani.

Mtu huyo akifunga mkono wa milimita 175, msukumo wa wastani hushuka hadi kilo 35.5. Akifunga wa milimita 165, hupanda hadi kilo 37.6. Kutoka kipimo kifupi hadi kirefu kati ya vile vinavyopatikana kwa urahisi, amepata nafuu ya kilo 2, yaani asilimia 6 hivi. Sasa na aache mkono wake wa milimita 170 kama ulivyo, abadili friwili ya meno 18 na kuweka ya meno 20: msukumo hushuka hadi kilo 33. Akiweka ya meno 22, hushuka hadi kilo 30. Friwili moja, ambayo ni kipuri cha kawaida cha fundi yeyote wa baiskeli, imempa nafuu ambayo hakuna mkono wa pedeli ungeweza kumpa bila kuwa mrefu kupita kiasi kinachofaa mguu wa binadamu. Gharama yake ni mwendo, kwa kuwa mwenye friwili ya meno 22, akizungusha mara 60 kwa dakika, hukimbia kilomita 16 hivi kwa saa badala ya 19. Kwa mtu anayebeba maji hiyo si hasara ya kuhesabiwa. Kwa anayesafiri bila mzigo juu ya tambarare kutoka kijiji hadi kijiji huenda ikamuudhi. Kwenye kingo zenyewe za uwanda, ambako mwinuko hufika asilimia 10 na zaidi, hesabu ile ile hudai kilo 73 kwa friwili ya meno 18, msukumo unaozidi uzito wa mwendeshaji mwenyewe, na mtu anayeshuka na kuisukuma baiskeli yake kwa mikono mahali hapo anafanya jambo sahihi ambalo mkono wa pedeli wa urefu wowote usingelibadilisha.

Hivyo basi, urefu wa mkono haupaswi kuchaguliwa kwa kuangalia mlima. Mlima ni kazi ya meno ya friwili. Mkono unapaswa kuchaguliwa kwa kuangalia mguu, hasa goti na nyonga.

Sababu yake iko juu ya mduara, mahali ambapo watu wengi hawapaangalii. Mwendeshaji hurekebisha kiti kwa kufuata sehemu ya chini ya mduara, akihakikisha kwamba pedeli ikiwa chini kabisa mguu wake umenyooka karibu wote huku goti likiwa limekunjwa kidogo. Mkono ukiwa mrefu kwa milimita 10 zaidi, pedeli hushuka milimita 10 chini zaidi, na kiti lazima kishushwe kwa kiasi hicho hicho. Lakini pedeli hiyo hiyo ikifika juu huwa imepanda milimita 10 zaidi, kuelekea kwenye kiti ambacho tayari kimeteremshwa milimita 10, na kwa hiyo nafasi iliyobaki kwa mguu kujikunja imepungua kwa milimita 20. Kila kinachoongezwa kwenye mkono hulipwa na goti mara mbili. Goti lililokunjwa kupita kiasi, kisha likatakiwa kusukuma mzigo mzito likiwa katika hali hiyo, huibana pia ya goti, kile kifupa cha duara kilicho mbele, dhidi ya mfupa wa paja, na maumivu ya mbele ya goti yanayozidi mtu anapopanda ngazi au kuchuchumaa mara nyingi huanzia hapo. Nyonga nayo hubanwa, na mwendeshaji hujinasua bila kujua kwa kupanua magoti nje kila yanapofika juu. Anayetazama kwa nyuma atauona upanuaji huo waziwazi, na ni dalili nzuri kuliko maelezo ya mwendeshaji mwenyewe, ambaye huwa ameshauzoea.

Hofu inayobaki ni kwamba mkono mfupi humnyang'anya mtu nguvu. Jambo hili limepimwa. Mwaka 2001, watafiti James Martin na Waneen Spirduso walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha waendesha baiskeli 16 waliofunzwa, ambao walizungusha pedeli kwa nguvu zao zote wakitumia mikono ya milimita 120, 145, 170, 195 na 220. Kati ya vipimo vyote hivyo, ambavyo kirefu chake kinakaribia kukizidi kifupi maradufu, nguvu ya juu kabisa ilitofautiana kwa asilimia 4 tu, na mikono ya milimita 145 na 170 ndiyo iliyofanya vizuri kuliko ile miwili ya pembeni kabisa. Mwili ulijirekebisha wenyewe: kwenye mkono mfupi ulizungusha upesi zaidi, na kwenye mrefu ulizungusha polepole. Watafiti hao walikadiria kwamba urefu unaofaa zaidi ni kama asilimia 20 ya urefu wa mguu, au asilimia 41 ya urefu wa muundi, ingawa kwa tofauti ndogo kiasi hicho, makadirio hayo huonyesha mwelekeo kuliko kutoa amri. Katika mashindano ya Ulaya, ambako kwa muda mrefu mikono ya milimita 172.5 na 175 ilihesabiwa kuwa ya wanaume wenye nguvu, Tadej Pogačar, mwenye kimo cha sentimita 176, alishinda mbio za Ufaransa za mwaka 2024 akitumia mikono ya milimita 165.

Tahadhari moja inahitajika hapa, na ndiyo inayosahaulika matokeo ya maabara yanapohamishiwa kwenye baiskeli ya mizigo. Wanamashindano wana gia nyingi, hivyo mkono ukifupishwa wao huchagua gia nyepesi na kuzungusha upesi zaidi. Mwenye gia moja hana nafasi hiyo. Akipunguza mkono kutoka milimita 165 hadi 150 bila kugusa kitu kingine, msukumo katika mfano wa madumu 3 hupanda kutoka kilo 37.6 hadi zaidi ya 41, na hapo atakuwa ameliokoa goti dhidi ya mkunjo akalitwisha uzito. Dawa ni kubadili vyote viwili kwa pamoja. Mkono wa milimita 150 ukiambatana na friwili ya meno 20 hudai kilo 37, yaani sawa na ule wa 165 wenye meno 18, na mwendeshaji akizungusha mara 66 kwa dakika badala ya 60, mguu wake utakuwa unasafiri kwa kasi ile ile ya awali na baiskeli itakwenda kwa mwendo ule ule wa kilomita 19 kwa saa. Hakupoteza nguvu wala mwendo, na goti lake limepata nafasi ya milimita 30 zaidi.

Kipimo cha mguu hupatikana bila vifaa maalumu. Mtu husimama peku akiegemea ukuta, miguu ikiwa imeachana kidogo, kisha huweka kitabu chenye jalada gumu kati ya mapaja na kukipandisha hadi kiguse mfupa kwa uthabiti, na umbali kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu ndio urefu wa ndani wa mguu. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi wa nchi za nje ni kuzidisha urefu huo kwa 0.21, au kidogo zaidi. Mwenye mguu wa milimita 800 atapata 168, na huyo baiskeli ya dukani inamfaa kama ilivyo. Mwenye 740, kipimo ambacho si cha ajabu kwa mwanamume wa kusini mwa Tanzania, atapata 155. Mwanamke mwenye mguu wa milimita 700 atapata 147, na bado baiskeli anayopewa huwa na mikono ile ile iliyokusudiwa mtu anayemzidi kwa kichwa kizima. Kanuni hii haina uzito wa sheria, na mtu mwenye magoti mazima ambaye amepanda kwa miaka bila maumivu hana sababu ya kubadili chochote kwa ajili ya hesabu tu. Inawafaa zaidi wafupi, wenye umri mkubwa, wajawazito ambao paja likipanda hugusana na tumbo, na waliowahi kuumia goti au nyonga.

Inawafaa watoto kuliko wote. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anayetumwa kwa baiskeli ya baba yake hupitisha mguu mmoja chini ya upau, ndani ya pembetatu ya fremu, na kuendesha akiwa amesimama upande, mwili ukiwa umepinda na baiskeli imeinamishwa upande wa pili ili kupata mizani. Ustadi huo unastahili heshima, lakini viungo vinavyoubeba bado vinakua. Mtoto mwenye mguu wa milimita 650 angehitaji mkono wa 137 hivi, na hata pale ambapo fremu haiwezi kubadilishwa, kumpatia mikono mifupi kungempunguzia sehemu kubwa ya kule kuchuchumaa anakofanya kila pedeli inapopanda.

Mchanga wa uwanda nao una neno lake. Njia za baiskeli kati ya mashamba ya mikorosho huchimbika katikati na kuacha kingo zilizoinuka pande zote mbili, huku mizizi ikijitokeza, na pedeli inayoshuka chini zaidi hugonga ukingo au mzizi wakati ambapo mwendeshaji mwenye mzigo hana uwezo wa kuiokoa baiskeli isianguke. Kila milimita inayopunguzwa kwenye mkono ni milimita inayoongezeka chini ya pedeli, na kwa anayebeba kilo 60 juu ya keria hii pekee ingetosha kuwa sababu ya kutochagua mkono mrefu.

Ugumu mkubwa uko kwenye upatikanaji. Mikono ya chini ya milimita 165 haipatikani kwa wingi kama kipuri, na njia inayowezekana zaidi ni kuitoa kwenye baiskeli ndogo, zile za magurudumu ya inchi 20 au 24, ambazo mikono yake huwa karibu milimita 140 hadi 152. Kabla ya kununua, fundi hana budi kuthibitisha mambo kadhaa kwa mkono wake. Mikono ya baiskeli nzito za chuma hushikwa kwenye ekseli ya duara kwa pini yenye ubapa wa kabari, iitwayo kota, ilhali mingi ya baiskeli mpya hukaa kwenye ekseli yenye ncha ya mraba, na aina hizo mbili haziingiliani isipokuwa ekseli nayo ibadilishwe. Tundu la pedeli la mtu mzima huwa na kipenyo cha 9/16 ya inchi, lakini baadhi ya baiskeli za watoto, hasa zile ambazo mikono yote miwili ni chuma kimoja kilichopindwa, zina tundu la nusu inchi, na pedeli ya kawaida haitaingia humo. Vilevile, uzi wa pedeli ya kushoto hukaza kwa kuzungusha kinyume na ule wa kulia, na anayelazimisha kwa spana bila kulijua hilo huiharibu mikono yote miwili.

Kwa kuwa mikono mingi ya zamani haina namba iliyogongwa, urefu wake hupimwa ikiwa bado kwenye baiskeli kwa njia isiyodanganya: baiskeli husimamishwa wima kando ya ukuta, alama huwekwa ukutani sawa na katikati ya pedeli inapokuwa juu kabisa, kisha inapokuwa chini kabisa, na umbali kati ya alama hizo hugawanywa kwa mbili. Pande zote mbili zipimwe. Mkono mmoja unapopinda au kuvunjika, wa badala huweza kufungwa bila kulinganishwa na mwenzake, na baiskeli ikabaki na 165 upande mmoja na 175 upande wa pili, hali inayoyumbisha kiuno katika kila mzunguko na kuleta maumivu ya mgongo ambayo hakuna anayeyahusisha na pedeli.

Pini za kota zinahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Ubapa wa pini ya kulia na ule wa kushoto huelekezwa pande zinazopingana ili mikono ikae katika mstari mmoja ulionyooka, na pini mbili zilizotindwa kwa tupa kwa viwango tofauti huifanya mikono ipishane, jambo ambalo mwendeshaji hulisikia kama kudunda kwa mguu mmoja na mara nyingi hulihusisha na urefu wa mkono. Pini ikigongwa, bomba gumu liegemezwe chini ya mkono ili kishindo kiende kwenye bomba badala ya kwenda kwenye gololi za ekseli. Friwili yenye meno 2 zaidi hudai gurudumu la nyuma lisogezwe mbele milimita 6 hivi ili cheni ifike, na yenye meno 4 zaidi hudai karibu 13, ambapo huenda cheni ikahitaji kuongezwa kipande, na breki za nyuma zikaguliwe upya ili raba zake ziguse ukingo wa chuma na si tairi. Kiti hupandishwa kwa kiasi kile kile ambacho mkono umefupishwa. Baada ya safari mbili au tatu zenye mzigo, nati za pini hukazwa tena, kwa kuwa pini mpya huzama kidogo zaidi kwenye tundu lake inapopata uzito, na iliyolegea siku hizo za mwanzo huliharibu tundu kiasi ambacho hakuna pini nyingine itakayolishika.